Nguo Nyeupe za Nyemo na Mti wa Mjunju

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu waliolala njaa, na chakula mmekula, nimewaona kwa macho yangu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Wewe uliyekula kiazi cha kuchoma mpaka masizi yakakufika masikioni, kaa hapo hapo ulipo na mikono yako, usinishike nguo. Hadithi ya leo ni ya kufua, na mimi nguo hii nimeifua jana.

Hapo zamani za kale, miti ilipokuwa ikiulizwa inajibu, palikuwa na kijiji katika nchi kavu. Mvua ilikaa huko miezi minne, kisha ikaaga, ikaenda kutembea miezi minane. Watu walilima mtama na uwele, wakafuga mbuzi. Mvua ilipoaga, maji yote ya kijiji yalikuwa katika bwawa moja tu, Bwawa la Msanga. Humo mliishi kambare wenye masharubu, na hao kambare ndio walikuwa kitoweo cha kiangazi.

Kando ya bwawa ulisimama mjunju. Nani hajauona mjunju? Mti wa miiba mirefu ya kijani, tunda lake kama tende, ganda jembamba, nyama ya kunata, tamu kidogo na chungu kidogo, na katikati kokwa ngumu ya kuvunja jino. Mti huo ulikuwa na kazi mbili. Magamba ya shina lake yalichemshwa, mtoto mwenye minyoo akinywa, minyoo ilitoka. Tunda lake liliokotwa, likapondwa, likatiwa majini, na ukilipikicha lilitoa povu jeupe, ukafua nalo mpaka shuka ikasahau kwamba iliwahi kuvaliwa.

Lakini kufua kulikuwa na utaratibu wake. Juu ya bwawa, mwendo wa kupanda mlima wa kuhema mara tatu, palikuwa na mwamba bapa. Huko ndiko walikofulia. Kila mwaka mvua ikikatika, Bibi Sechelela, mganga wa kijiji na mwangalizi wa mti, aliwaita wanawake wote, wakubwa na wadogo, akawaambia maneno yale yale: "Okota chini ya mti. Chota kwa kibuyu. Fulia juu mwambani. Povu halirudi bwawani." Wanawake waliitikia, "Halirudi." Akawauliza tena, wakaitikia tena. Akawauliza mara ya tatu, wakaitikia huku wakipiga miayo, kwa sababu neno ukilisikia kila mwaka linakuwa kama mlio wa jogoo.

Sasa katika kijiji hicho alikuwepo mwanamke jina lake Nyemo, mke wa Chalula. Nyemo alikuwa msafi. Sisemi msafi kama wewe na mimi tunavyojisifu. Nyemo alifagia uwanja, akafagia njia ya kuingia uwanjani, akafagia na mahali pa jirani. Shuka zake zilikuwa nyeupe hata wageni wakipita walimdhani ana msiba. Na usafi wake ulikuwa na mdomo. Akikutana na mtu mwenye doa, alilitazama lile doa kabla ya kumtazama mtu.

Aliyetazamwa zaidi ni Mbeleje, mama yake Wendo. Mbeleje alikuwa mfinyanzi. Toka asubuhi alikanyaga udongo, alisuguasugua vyungu, alichoma vyungu, na jioni alikuwa na udongo kwenye nywele, kwenye viwiko, kwenye shuka yake moja. Nyemo akimwona humwambia, "Mwenzangu, naona leo udongo umekuvaa wewe." Mbeleje hucheka. Afanyeje? Na vyungu alivyotumia Nyemo, kile cha mtama, kile cha mboga na kile cha maji ya kunywa, vyote vilitoka katika mikono ile ile.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Bwawa likapungua mpaka likabaki kama sinia kubwa, kambare wamebanana humo mgongo kwa mgongo. Mwaka huo huo mtoto Wendo, wa miaka minne, akavimba tumbo. Akawa hali, halali, ngozi imekuwa ya kijivu. Bibi Sechelela akamtazama, akasema ni minyoo, na imekaa sana. Dawa ni gamba la mjunju, asubuhi tisa mfululizo, kila asubuhi gamba jipya upana wa vidole viwili, libanduliwe katika mti ulio hai na lichemshwe kabla jua halijawa kali. Gamba la mti uliokufa, akasema Bibi, halina kazi, ni kuni tu. Mbeleje akaanza. Asubuhi ya kwanza mtoto akatapika. Ya pili akanywa. Ya tatu akaomba uji.

Siku hiyo ya tatu ndiyo siku ya mambo yetu. Mdogo wake Chalula alikuwa anaoa, na Nyemo alikuwa ameapa kwamba ukoo wote utaingia arusini na shuka nyeupe, wakwe wapofuke. Akakusanya shuka saba. Akaenda chini ya mjunju.

"Mjunju, nipe matunda ya kufulia," akasema.

"Okota," Mjunju akamjibu. "Mwamba unaujua."

Akaokota kapu zima. Akayaponda. Akatazama mlima, jua limesimama kichwani. Akahesabu: shuka saba, kila shuka vibuyu vitatu, kila kibuyu mlima mzima. Akatazama huku, hakuna mtu, wote wako kwenye matayarisho ya arusi wanatwanga. Akatazama huko, hakuna mtu. Akasema moyoni, mara moja haina mwiko. Mimi ndiye msafi kuliko wote hapa, kama kuna mtu wa kuaminiwa na maji, ni mimi.

Akamwaga tunda lililopondwa bwawani, akaingia mpaka magotini, akafua shuka zote saba. Povu lilitanda kutoka ukingo hadi ukingo. Ndugu zangu, zile shuka zilitakata. Kosa ni kosa, lakini zilitakata.

Mjunju aliona. Na kwenye kichaka cha ng'ambo, Kanga naye aliona, yule ndege wa madoadoa asiyejua kunyamaza. Kanga akakimbia akiimba:

"Nimeona, nimeona, nimeona,
lakini mimi sisemi.
Nilisema juzi nikapigwa jiwe,
leo mimi sisemi."

Na ni kweli, juzi yake aliwaambia watu kwamba mbuzi wameingia shambani, wakadhani anawapigia kelele, wakamtupia jiwe. Kwa hiyo hakusema. Aliimba tu kwamba hasemi, na nani humsikiliza kanga?

Asubuhi watoto walioteremka kuchota maji walirudi mbio na vibuyu vitupu. Kijiji kizima kikaenda kutazama. Kambare walikuwa wamelala juu ya maji, matumbo meupe juu, wakubwa kwa wadogo. Hapakuwa na hata mmoja aliyetikisa sharubu. Kitoweo cha miezi mitano kilikuwa kinaoza mbele yao, na maji ya kunywa sasa ingebidi wachimbe mchangani. Wanawake wengine walilia, na mimi ningelia.

Mtemi Ndahani, mkuu wa nchi ile, akaja na wazee wake. Alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka, na mtu wa haki akiwa na haraka ni hatari. Akauliza kilichoua samaki. Mzee mmoja akasema ni huu mjunju, matawi yake yameinamia maji, matunda yake yanaanguka humo, na sote tunajua tunda lake halipatani na samaki.

Bibi Sechelela akabisha. Akasema tunda zima na ganda lake huanguka majini tangu enzi za babu zetu, na kambare wanalisukumasukuma kama watoto wanavyocheza mpira. Tunda lililopondwa ndilo linaloua. Basi kuna mtu aliyelipondea humu.

Mtemi akawageukia watu. Akauliza, "Nani alifulia bwawani?"

Kimya.

"Nani alifulia bwawani?"

Kimya. Nyemo alikuwa amesimama mbele kabisa, ndani ya shuka nyeupe iliyofuliwa jana. Msimwone mbaya. Alijua kwamba mtu aliyeua maji ya watu hazikwi na watu. Alijua na jambo jingine lililomuuma zaidi, kwamba angesema leo, kesho kila mwenye doa kijijini angemtazama yeye kama alivyokuwa akiwatazama wao.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, nani alifulia bwawani?"

Kimya. Kanga kule kichakani akaimba kwamba hasemi.

Mtemi akaugeukia mti wenyewe. Akasema, "Mjunju, wewe upo hapa usiku na mchana. Umemwona nani?"

Mjunju akajibu, "Kazi yangu ni kuosha, Mtemi. Kumpaka mtu matope si kazi yangu."

Mtemi akakasirika. Akasema kama hakuna mtu mwenye kosa, basi kosa ni la mti, na mti ukatwe leo hii, kabla mvua haijarudi na samaki wengine hawajaingia. Wakaitwa vijana wawili na shoka.

Shoka la kwanza likapigwa, ko! Mti ukatetemeka, utomvu ukatoka, wa rangi ya asali ya zamani.

Ndipo Mbeleje akafika, mtoto mgongoni, kisu cha kubandulia gamba mkononi, maana ilikuwa asubuhi ya nne na alikuwa amekuja kuchukua dawa tu. Akaona shoka. Akamuuliza Bibi Sechelela kulikoni, Bibi akamweleza. Akamuuliza tena kama hawezi kubandua magamba ya siku zote zilizobaki akayaweka ndani. Bibi akatikisa kichwa, akamkumbusha kwamba gamba la mti uliokufa ni kuni tu.

Mbeleje akamtazama mtoto wake. Akautazama mti. Kisha akaenda mbele ya Mtemi akapiga magoti, udongo wa jana bado uko kwenye viwiko.

"Mtemi, mti hauna kosa," akasema. "Aliyefulia bwawani ni mimi."

Watu wakaguna. Wengine wakaamini mara moja, kwa sababu mtu mchafu ni rahisi kumwamini akikiri uchafu. Lakini Mtemi alimtazama juu mpaka chini. Akaitazama ile shuka yake moja, ina udongo wa wiki hii, wa wiki iliyopita, na wa wiki ambayo hakuna aliyeikumbuka tena.

"Mbeleje," akamwambia, "na ulifua nini?"

Watu wakaangua kicheko. Hata vijana wa shoka walicheka. Mbeleje akainama, akajitazama shuka. Alikuwa amejitolea kubeba kosa, na hata kosa lilikataa kumkaa. Machozi yakamtoka yakichora njia kwenye udongo wa mashavu.

Mtemi akasema amemhurumia, ila hadanganyiki, vijana waendelee. Shoka la pili likapigwa, ko! Utomvu ukarukia nyasi.

Nyemo hakucheka. Moyoni mwake palikuwa panawaka. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya kusimama msafi hapo huku mwenziwe amepiga magoti kwa ajili ya uchafu usio wake. Akafikiri juu ya vyungu vyake vitatu nyumbani. Shoka la tatu likainuliwa, na kabla kijana hajauzuia mkono wake, ko! Kufumba na kufumbua Nyemo alikuwa ameukumbatia mti, miiba imemchoma mikono, utomvu unamtiririkia kifuani juu ya shuka nyeupe.

"Acheni," akasema. "Shuka zilikuwa saba, na hii niliyovaa ni mojawapo. Uvivu wa kupanda mlima ulinishinda. Mimi ndiye niliyeyaua maji yenu."

Hakuna aliyecheka. Kanga peke yake akatoka kichakani akipiga kelele kwamba aliona, aliona, aliona. Akaulizwa mbona hukusema. Akasema aliimba tangu jana, nyinyi ndio hamna masikio. Mnajua mpaka leo kanga akimwona mtu hukimbia kwanza, ndipo anapiga kelele.

Wazee wengine walitaka Nyemo afukuzwe nchini. Chalula mumewe alikuwa amejifunika uso. Mtemi, ambaye haraka yake ilikuwa imepungua baada ya kuona karibu akate dawa ya watoto wa watu, akamwachia Bibi Sechelela atoe hukumu. Bibi akafikiri kidogo tu.

"Mwili wako utauosha kama watu wote," akamwambia. "Lakini shuka yako hutaifua. Utaivaa hiyo hiyo uliyonayo mpaka kambare warudi bwawani."

Huenda wewe unaona hukumu hiyo ni nyepesi. Wewe, ndiyo. Nyemo aliona afadhali angefukuzwa.

Akaenda arusini hivyo hivyo, na doa la utomvu kifuani kama sahani. Wakwe wakamtazama doa kwanza, kisha uso. Akaishi hivyo mwezi wa kwanza, vumbi likaingia. Mwezi wa pili, jasho na moshi. Mwezi wa tatu shuka ilikuwa haina rangi yenye jina. Tangu siku ile ile ya hukumu Mbeleje aliendelea kubandua gamba, asubuhi ya nne, ya tano, ya sita. Aliyemshikia chungu cha kuchemshia alikuwa Nyemo. Asubuhi ya tisa minyoo ikatoka, sitawaeleza ilivyotoka, mmekula. Wendo akanywa uji bakuli mbili akakimbilia mbuzi.

Na kwa kuwa shuka ilikuwa imeshaharibika, Nyemo akaona hana cha kuogopa tena, akaingia kwenye shimo la udongo akamsaidia mwenzake kukanyaga. Siku moja Mbeleje akamtazama, akamwambia, "Mama, naona leo udongo umekuvaa wewe." Nyemo akacheka mpaka akakaa chini. Kijijini hawakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Mvua ikarudi. Bwawa likajaa, maji yakapanda mpaka mizizi ya mjunju. Asubuhi moja Nyemo alikuwa akichota maji, akaona kichwa cheusi chenye masharubu marefu kikichomoza. Alikuwa Kambare mzee, aliyekuwa amejizika katika tope la chini siku ile, na akakaa humo kiangazi chote.

"Wewe ndiye wa shuka saba?" Kambare akauliza.

"Ndimi, mzee wangu."

"Nimerudi, na wengine wanakuja na mkondo wa mvua. Watoto wangu hawatarudi. Nenda kafue."

Akazama. Nyemo hakusikia furaha aliyodhani angeisikia. Kisha akaokota matunda chini ya mti. Akachota kwa kibuyu. Akapanda mlima, akahema mara tatu. Akafua mwambani, povu la kwanza likatoka jeusi, akalimwaga mbali kwenye mchanga. Akashuka, akapanda, akafua tena, povu likatoka jekundu la udongo. Akashuka, akapanda, akafua mara ya tatu, povu likatoka jeupe. Akaianika shuka juani. Ilikuwa nyeupe kama zamani, isipokuwa kifuani. Lile doa la utomvu lilikuwa pale pale.

Akalisugua mpaka vidole vikachubuka. Akateremka nalo mpaka kwa mti, penye makovu matatu ya shoka yaliyoanza kufunga.

"Mjunju," akasema, "tunda lako limetoa vumbi, limetoa moshi, limetoa udongo. Mbona hili halitoki?"

Mjunju akamjibu, "Tunda langu linatoa uchafu. Huo si uchafu."

Nyemo akaivaa shuka yake, akaenda shimoni kumsaidia Mbeleje. Tangu siku hiyo, wanawake wa kijiji kile hubandua gamba la dawa kwenye yale makovu matatu tu, na kila kiangazi kikianza aliyewauliza yale maneno alikuwa Nyemo. Alisimama mbele yao na doa lake kifuani, akasema povu halirudi bwawani, nao wakaitikia mara tatu, na hakuna aliyepiga miayo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, mwenye masizi masikioni, kibuyu kile pale. Kanawie mbali na kisima.